Mlio wa Gurudumu la Baba Mkubwa

Utoto wangu una baiskeli moja tu ndani yake, na kwa miaka mingi baiskeli hiyo haikugusa ardhi. Ilining'inizwa kwa kamba kwenye boriti za nyumba ya Dani, mama yake Baba, na mimi niliyekuwa nikilala kwake nililala chini yake. Nikifumbua macho alfajiri, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa tumbo la mnyororo ule mweusi. Dani aliipangusa vumbi mwenyewe, amesimama juu ya kigoda, kwa kitambaa alichokichovya kwenye mafuta, na hakuruhusu mtu mwingine aiguse.

Ilikuwa baiskeli ya Baba Mkubwa Oduor, kaka yake Baba. Alikwenda Burma na jeshi wakati wa vita kuu vya pili, na vita vilipokwisha wenzake walirudi, yeye hakurudi. Ilikuja barua tu, iliyosema kwamba hajulikani alipo. Baba, aliyesoma misheni, alimsomea Dani barua hiyo kwa sauti, kisha akaisoma tena. Dani alisikiliza, akasema, "Asiyejulikana alipo yuko mahali fulani." Basi. Hakuna aliyenyoa nywele, hakuna aliyelia, hakuna moto wa matanga uliowashwa uani. Baiskeli ikapandishwa kwenye boriti kumsubiri mwenyewe.

Tulikaa kando ya ziwa, kwenye njia inayotoka Kisumu kwenda upande wa Asembo. Baba alifanya kazi mjini, katika duka la nguo la Mhindi mmoja kwenye barabara ya maduka, akipima vitambaa kwa yadi na kuvikunja. Siku za wiki alilala mjini, na Jumamosi duka lilipofungwa mchana alirudi nyumbani kwa miguu. Mwaka ambao mdogo wangu wa kiume alizaliwa, Dani alizitazama nyayo za viatu vya Baba, zilizokuwa zimeisha hadi soksi inaonekana, akamwambia ashushe baiskeli.

"Uazime kwa ndugu yako," alisema. "Akirudi utampa."

Baba aliishusha kama mtu anayemshusha mgonjwa. Alijaza upepo, akapaka mafuta mnyororo, akakaza pedali, akaanza kuipanda. Kwa wiki kadhaa hakukuwa na neno.

Wakati huo nyumbani kwetu kulikuwa na shida nyingine, na shida hiyo ilikuwa na sauti kubwa. Mdogo wangu alikuwa na miezi miwili na hakuwa na jina. La ubatizo lilikuwepo, limeandikwa nyuma ya kitabu cha nyimbo cha Baba, lakini jina la ukoo halijapatikana, na kwetu jina hilo halichaguliwi na mtu. Mtoto akilia bila sababu, wanawake wazima humpakata na kuyataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake, kwa sababu mwenye jina amekuja kuliomba. Dani na jirani yetu Mama Atieno walikuwa wametaja babu, baba yake babu, wajomba wa babu, na mzee mmoja ambaye Mama alisema afadhali mtoto akae bila jina kuliko kupewa la yule. Mtoto alilia kwa wote. Dani aliniambia kwamba mtoto asiye na jina hajaushika ulimwengu vizuri, mkono wake huweza kuteleza. Mimi niliyaamini maneno yale neno kwa neno. Usiku nilikuwa nikimshika kidole nikimwambia ashike nami.

Ndipo Jumamosi moja ya Januari, jua kali, ardhi imepasuka, Baba akafika kutoka mjini. Dani alikuwa uani akipembua mtama, mimi nimekaa karibu naye. Baba aliiacha barabara ya murram, ile ya changarawe nyekundu, akaingia kwenye kijia chetu chenye mchanga laini kinachopita katikati ya ua wa minyaa. Alipofika langoni tukasikia: tik. Kisha kimya kidogo. Tik, tik.

Dani aliacha kupembua. Baba akashuka, akaisukuma baiskeli kwa mkono hadi mlangoni, na ule mlio ukamfuata, mdogo, mkavu, kama mtu anayegonga kwa ukucha.

"Hiyo imeanza wapi?" Dani akauliza.

"Ipi, Mama?"

"Hiyo inayogonga."

Baba akasukuma mbele, akarudisha nyuma. Tik. "Hata mimi ndiyo naisikia sasa. Njiani haikuwepo."

Dani aliweka ungo chini polepole. Alitazama lango, halafu baiskeli, halafu nyumba ya Mama ambamo mtoto alikuwa analia kama kawaida yake.

"Haikuwepo njiani kwa sababu alikuwa amekungoja langoni," alisema. "Huyo ni Oduor. Amekuja kutafuta jina."

Nilikuwa mdogo, sikujua nimesikia nini. Nilichokiona ni Baba akiilaza baiskeli chini taratibu mno, kama kwamba ingevunjika. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza kwa Dani kumtaja mwanawe pamoja na wafu.

"Ni chuma, Mama," Baba alisema. "Kuna kitu kimelegea."

"Basi kikaze," Dani akajibu, akarudi kwenye mtama wake.

Kesho yake baada ya kanisa Baba alivua koti, akaipindua baiskeli magurudumu juu chini ya kivuli cha nyumba, tukaanza kutafuta. Mimi nilikuwa msaidizi wake na nilijiona mtu mkubwa. Alizungusha gurudumu la mbele: kimya. La nyuma: kimya. Alitikisa madigadi zinazokinga matope, akabonyeza spoki moja moja kama mpiga nyatiti anayejaribu nyuzi zake. Kimya. Alifungua kengele akaitia mfukoni, akafunga pampu kwa kitambaa, akakaza keria. Kisha akaipanda kuzunguka uwanja mara tatu, na tai yake ya kanisani ikipepea begani. Hakuna mlio hata mmoja.

"Umeona?" aliniambia. "Ilikuwa kengele."

Jumamosi iliyofuata alirudi bila kengele, bila pampu, na keria imefungwa kamba kama mzigo wa kuni. Akaingia langoni. Tik, tik, tik.

Mama Atieno alikuwa amekuja kuomba chumvi, akakaa makusudi kusubiri. "Shemeji," alisema, "naona umemvua mgeni nguo zote na bado anakufuata."

Mama naye akatokea mlangoni na mtoto begani. "Mmoja analia ndani, mwingine analia langoni. Wanaume wa ukoo huu watanimaliza."

Waliangua kicheko, na Baba akacheka kidogo, lakini mimi niliyemjua niliona kwamba kicheko hicho hakikuteremka hadi kifuani. Mchezo ukaendelea hivyo wiki tatu. Kila Jumamosi mchana mlio ulikuwa langoni, kila Jumapili asubuhi haupo. Dani hakushangaa. Mgeni wa heshima, alisema, hakai mahali anapofanyiwa ukaguzi.

Mwishoni Dani aliamua. Jumamosi ile ijayo angempakata mtoto langoni, na baiskeli ikigonga angelitaja jina la Oduor mbele ya wanawake wa jirani. Alilisema jambo hilo jioni tukila, kwa sauti ya kawaida. Baba akaweka tonge chini.

"Mama, mtoto wangu hatapewa jina la mtu ambaye hajafa."

"Nani amekuambia hajafa?"

"Wewe. Miaka saba sasa."

Hata mtoto alinyamaza, ambalo lilikuwa jambo la ajabu, na nadhani kila mmoja alitamani alie. Hatimaye Dani akasema, "Niliyesema ni mimi, na anayebadilisha ni mimi." Akanawa mikono.

Baba aliomba ruhusa dukani, akawa nyumbani Ijumaa. Jumamosi asubuhi alinikalisha kwenye keria, akamwambia Mama, "Naenda na Akinyi kwa fundi. Ana masikio." Sijawahi kusifiwa hivyo tena. Alisema tungerudi mchana, kabla ya shughuli ya Dani, na jinsi alivyosema nilijua anataka kurudi na jibu mkononi. Mimi nami nilitaka jibu, ila sikujua ni lipi. Kama ilikuwa chuma, Dani angeaibika mbele ya wanawake wote na mtoto angebaki bila jina. Kama haikuwa chuma, basi nilikuwa nimekaa nyuma ya Baba juu ya kitu kisichosemeka.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, upepo unatoka ziwani. Barabara ya murram ilitutikisa hadi meno yangu yakagongana, mawe yakiruka na madigadi zikilia. Tulipokaribia mjini jua lilikuwa limeshapanda na chuma cha keria kilinichoma mapajani. Nikakumbuka jambo. Nyumbani tulikuwa tukisikia mlio kwenye mchanga tu, mahali ambapo hakuna kelele nyingine.

"Baba," nikasema, "hebu tupite kwenye majani."

"Kuna nini kwenye majani?"

"Hakuna kelele."

Akasimama, akanitazama, kisha akashuka akaisukuma kando ya barabara, juu ya majani makavu. Hatua tano, sita. Tik. Tik, tik.

Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Halafu nikaogopa sana, kwa sababu lango letu lilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili nyuma yetu. "Baba, ametufuata?"

Baba alicheka, safari hii kwa kweli, mpaka ikabidi ashike usukani kwa mikono miwili. "Kama ametufuata, basi tumpeleke kwa fundi pamoja." Akanyanyua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa mkono: kimya. Akanyanyua la mbele: tik. Alipiga magoti pale pale kando ya njia, watu wanapita na vikapu vya samaki wakitutazama, akaniambia niweke sikio kwenye uma unaoshika gurudumu. Niliweka. Sauti haikuwa kwenye spoki wala kwenye tairi. Ilikuwa ndani kabisa, katikati, kwenye kitovu cha gurudumu, mahali chuma kimefungwa pande zote na hakuna mlango. Nilimwambia Baba, "Yuko ndani."

Fundi wetu alikuwa Kalasinga mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha rangi ya majivu, aliyekaa kwenye kibaraza nyuma ya soko na masanduku ya spana mbele yake. Kila mtu alimwita Fundi Kartar. Baba alimweleza kila kitu, hata yale ya Dani. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye kitovu na mpini kwenye sikio lake, akafumba macho. "Toto, zungusha. Pole pole."

Nikazungusha. Akaitikia kwa kichwa kila mlio ulipotoka, kama mtu anayesikiliza habari anazozijua.

"Asubuhi hapana lia," alisema. "Mchana nalia."

"Umejuaje?" Baba akauliza.

"Ndani iko grisi ya zamani sana. Asubuhi baridi, grisi kama gundi, nashika yeye. Mchana jua moto, grisi naachia, yeye natembea." Akafungua nati, akachomoa ekseli, akamwaga gololi za upande mmoja kwenye kifuniko cha kopo, akahesabu kwa kidole. "Kumi." Akamwaga za upande wa pili. "Tisa." Kisha akaviringisha kitambaa kwenye kidole kidogo, akakizamisha kwenye mafuta ya taa, akakitia ndani ya kitovu na kukichomoa kimejaa grisi nyeusi. Katikati ya ule weusi kulikuwa na kitu kinang'aa. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama.

"Hii ndiyo mgeni yako," alisema. "Mtu natia grisi, moja nadondoka ndani, yeye hapana ona. Sasa mimi rudisha nyumba yake." Akaishika gololi airudishe mahali pake na zile tisa.

"Ngoja," Baba akasema.

Fundi akangoja.

"Hii baiskeli ni ya ndugu yangu. Aliipaka grisi mwenyewe, kabla ya kwenda vitani. Hakuna mtu mwingine aliyeifungua."

Fundi Kartar aliitazama ile gololi tena, safari hii kwa namna nyingine. "Yeye narudi?"

Nilikuwa nimemshika Baba suruali, na nilisikia mguu wake ukikaza.

"Basi peleka kwa mama yenu," fundi akasema. "Tisa natosha mpaka Jumatatu. Mama nasema rudisha, mimi narudisha. Mama nasema kaa nayo, mimi natafuta ingine." Akaifunga gololi kwenye kipande cha gazeti. Baba akanipa mimi niishike, akisema mfuko wake umetoboka. Mtu wa duka la nguo mwenye mfuko uliotoboka. Hata wakati ule sikumwamini.

Tuliondoka mjini saa saba. Jasho lilikuwa limechora ramani kwenye shati la Baba, na mimi nilikuwa nimefumba ngumi mpaka vidole vinauma. Tulipoliona ziwa likimeta upande wa kushoto, alisema bila kugeuka, "Akinyi, leo usiseme neno mpaka mtoto apate jina."

"Lakini ulisema hatapewa."

"Najua nilivyosema."

Tangu pale hofu yangu ilikuwa moja: tutafika langoni na hakutakuwa na mlio. Baba alikuwa ameliwazia hilo au hakuwa ameliwazia, sijui. Watu wazima husahau mambo madogo wanapokuwa na makubwa. Nilifikiri hata kugonga keria kwa ukucha wangu. Nilijaribu njiani, kidogo, lakini ilitoka sauti ya mtoto anayegonga keria.

Walikuwa wamesimama langoni. Dani alikuwa mbele, amevaa nguo yake ya kanisani, mtoto mikononi akilia kwa bidii. Mama alikuwa kando yake, na Mama Atieno na wanawake wengine wanne au watano nyuma, wamekaza leso viunoni kama watu waliojiandaa kuimba. Baba akaiacha murram, akaingia kwenye mchanga. Tairi zikanong'ona. Ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia nyuki kwenye minyaa.

Hakuna tik.

Baba akashuka. Akaisukuma hatua tatu, nne, akasimama. Dani alikuwa ameinamisha sikio, mdomo umeshafunguka kwa ajili ya jina, na jina halikutoka.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Nilimwona Baba akitafuta maneno yale ya misheni, chuma na kulegea, na asiyapate. Dani akanigeukia mimi. Sijui alionaje, labda ngumi yangu. Nikashuka kwenye keria, nikaenda mbele yake, nikafungua mkono. Kikaratasi kilikuwa kimelowa jasho, nikakikunjua kwa kucha.

"Ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu, Dani," nikasema. "Ni gololi tu. Ilianguka Baba Mkubwa alipokuwa akipaka grisi." Kisha nikaanza kulia, kwa sababu niliona nimemnyang'anya mtoto jina na Dani mwanawe, yote kwa mkono mmoja.

Dani alimkabidhi Mama mtoto. Akaichukua ile gololi kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na jicho lake. Akaitazama muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Mama Atieno akamsogelea ili amshike, akidhani ni kilio.

Alikuwa anacheka.

"Kuku wangu," alisema. "Kuku wangu wawili."

Tulidhani akili imeruka. Ilibidi akae chini, pale pale langoni na nguo yake ya kanisani, ndipo akaweza kueleza. Siku mbili kabla ya kuondoka, Oduor aliifungua baiskeli yake uani aipake grisi, ili ikae vizuri akiwa hayupo. Alipotaka kuifunga, gololi moja haikuonekana. Walitafuta kwa magoti. Walifagia uwanja wote, wakauchekecha mchanga kwa ungo kama unga. Haikuwepo. Oduor akasema imemezwa na kuku, kwa sababu kuku mmoja mwenye madoa alikuwa akimtazama kwa uso wa kushiba.

"Nikamwambia, mwanangu, huyo ndiye anayetaga vizuri. Akasema, Mama, baiskeli haitagi, lazima nipate gololi. Akamchinja. Tukapasua firigisi, kuna mchanga na mahindi. Basi akala kuku. Kesho yake akasema, nimekumbuka, haikuwa huyu, ilikuwa yule mwekundu."

"Na yule mwekundu?" Mama Atieno akauliza, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Naye akaliwa. Hakuwa na kitu. Na mimi sikuonja hata shingo."

Hapo wanawake walilipuka, kwa sababu wakati ule kwetu mwanamke hakula kuku. Alimfuga, akamlisha, akampika, na wanaume wakamla. Kila mmoja wao alikuwa na kuku wake wa kumkumbuka.

"Kumbe muda wote ilikuwa ndani," Dani alisema, akipangusa macho. "Alipoaga aliniambia, Mama, nikirudi nitaitafuta vizuri. Sasa si amekuja kuitafuta?" Akamwinulia Baba uso. "Wewe unasema ni chuma. Nimeona ni chuma. Chuma cha nani?"

Dani akasimama, akamchukua mtoto tena. Mtoto alikuwa amekunja uso kwa kulia. "Kama wewe ni Oduor," alimwambia kwa sauti ya kusikika, "nyamaza."

Mtoto akalia zaidi.

Wanawake wakatazamana. Dani hakuyumba. "Ni yeye," alisema. "Oduor hakunyamaza hata siku moja alipoambiwa nyamaza."

Vigelegele vilianza katikati ya kicheko, vikavurugika, vikaanza upya. Ndipo Baba akaiegemeza baiskeli kwenye minyaa, akaja. Wanawake wakampisha. Aliinama juu ya mtoto, karibu sana, akasema, "Oduor." Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu kama kiti kitamhimili. Kisha akalisema tena.

Mtoto alinyamaza. Siwezi kuapa kwamba alinyamaza kwa ajili ya jina, kwa sababu Mama alikuwa amemtoa mikononi mwa Dani na kumpa titi wakati ule ule. Lakini alinyamaza, na Baba akabaki ameinama vile vile, na mabega yake yalitikisika kama ya Dani. Kwake hakikuwa kicheko. Hakuna aliyemwambia aache.

Jioni alichinjwa kuku, kama ilivyo desturi. Nyama ilipopakuliwa, Dani aliomba paja. Wazee wawili wa ukoo waliokuja kwa ajili ya jina wakakohoa. Dani akawaambia kwamba yeye ameshapita umri wa kuzaa na umri wa kukatazwa, akala paja lote mbele yao, akanyonya mfupa, akasema lilikuwa gumu kuliko alivyofikiri. Jumatatu alimpa Baba gololi airudishe kwa fundi. "Aitie mahali pake," alisema. "Nisije nikawa na mtoto mwingine wa kuanguka njiani." Na baada ya Baba kuondoka, alinyoa nywele zake, saa nne asubuhi, uani, bila kumwita mtu.

Nilikuja kuwa mwalimu, na kwa miaka mingi kisa hiki niliwasimulia wanafunzi wangu kwa namna moja: bibi aliamini pepo, baba akaamini spana, fundi akaonyesha nani amesema kweli. Watoto walipenda sehemu ya kuku. Siku hizi, nikiwa na umri mkubwa kuliko ule wa Dani siku ile, naona nilikuwa nawadanganya bila kukusudia. Dani ndiye aliyekuwa tayari kumzika mwanawe. Alihitaji mtu wa kumwambia kwamba amefika, na baiskeli ikamwambia. Baba, na masomo yake yote, ndiye aliyekuwa bado anamngoja. Alikuwa akizipekua zile spoki ili ndugu yake asiwe amekufa. Wote wawili walisikia mlio mmoja, na hakuna aliyekuwa mjinga.

Mdogo wangu Oduor sasa ni babu, mwenye sauti kubwa, na hanyamazi akiambiwa anyamaze.

Baba aliipanda baiskeli ile miaka mingine kumi au zaidi. Haikulia tena. Lakini tangu mwaka ule, kila Jumamosi alipofika kutoka mjini, aliiacha barabara ya murram, akaingia kwenye mchanga, na kabla ya lango akashuka. Aliisukuma kwa mkono hatua zile chache za mwisho, polepole, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa gurudumu la mbele. Nilimwona mara nyingi kutoka uani. Alipofika langoni aliinua kichwa, akatusalimu, na alikuwa na uso wa furaha, kama mtu aliyefika na ndugu yake.